Abiria wa Nane wa Mwalo wa Okilo

Kiti kilikuwa kimelowa tena.

Hiyo ilikuwa Jumatano, siku ya tatu mfululizo, na Akullo, aliyewahi kufika ofisini kabla ya wengine, alisimama mlangoni akakitazama kwa hasira. Kilikuwa kiti kimoja tu, kile kilichokaa kando ya meza ya Barnabé. Maji yalituama kwenye mto wake yakachuruzika hadi sakafuni, na chumba kizima kilinuka tope na mafunjo yaliyooza. Ofisi ilikuwa ghorofa ya tatu, katikati ya jiji, mtaa wa Nakasero. Mvua ilikuwa haijanyesha kwa wiki mbili. Bomba la jengo nalo lilikuwa kavu tangu Ijumaa, hata wakawa wanapandisha madumu ngazini ili choo kitumike. Watu hawana maji ya kunawa mikono, kiti kinayo ya kuoga!

"Kwani hii ofisi ni ziwa?" Afande Okwera alifoka alipofika. "Nani namwaga maji hapa? Jumatatu nimeuliza, jana nimeuliza. Iko nani?"

"Hakuna mtu, Afande. Mimi nimefungua mlango sasa hivi."

"Basi toa hiyo kiti nje. Kesho kutwa kitabu inaenda kwa mpiga chapa, na nyinyi munanichezea na viti."

Okwera alikuwa kapteni mstaafu aliyefungua kampuni ndogo ya vitabu, na aliiendesha kama kambi. Kitabu chenyewe kilihusu ufuo wa kaskazini wa Ziwa Kyoga, kwao yeye na Akullo: bandari ambazo meli za pamba zilikuwa zikitia nanga, magofu ya viwanda vya kuchambulia pamba, visiwa vya mafunjo vinavyohama na upepo, miamba yenye majina na sababu za majina hayo. Mwaka mzima Akullo alikuwa akienda na kurudi na kinasa sauti, akawarekodi wazee, akaandika maneno yao. Barnabé, Mkongomani wa Ituri, mtu mpole asiyeinua sauti, ndiye aliyepanga kurasa na picha. Walikuwa watatu tu, na Kiswahili ndicho kilichowaunganisha.

Kila kitu kilikuwa kimewakatalia wiki hiyo. Ramani iligoma kukaa kwenye ukurasa wake. Umeme ulikatika mara nne. Ukurasa wa Okilo, mwalo wa kuegeshea mitumbwi, mmoja tu kati ya kurasa mia mbili, ulijifuta mistari yake ya mwisho kila ulipohifadhiwa, na Barnabé aliuandika upya mpaka akaanza kuikemea kompyuta kwa jina la Yesu.

"Dada Akullo," alimnong'oneza alasiri ile. "Ile sauti ya bibi yako, ya Okilo. Mwisho wake iko mutu anahesabu?"

"Anahesabu nini?"

"Sijue. Ni luga yenu. Acel, aryo, adek... anafika abiro, ananyamaza. Halafu anaanza tena." Alilamba midomo. "Mbele nilikuwa nasikia mu ekuta. Sasa nimetosha ekuta mu masikio, na niko nasikia tu."

Abiro ni saba. Akullo alivaa hizo ekuta, zile za masikioni, akasikiliza. Ilikuwa sauti ya bibi yake, Laker, aliyefariki miezi miwili baada ya kurekodiwa, na moyo ulimuuma kama kawaida. Mwishoni hakusikia mtu yeyote. Alisikia pale alipokata.

Hapo ndipo alipoelewa.

Okwera hakupenda marudio. Amri yake ilikuwa hii: "Kata salamu, kata kikohozi, kata vile wazee wanaitikiaitikia. Msomaji hana siku nzima." Akullo alikata. Katika rekodi zote alikata mwanzo na mwisho, na zile nzima zikafutwa ili kupata nafasi. Kwa mwamba au gofu la kiwanda haikudhuru kitu. Lakini habari ya Okilo haikuwa ya kukatwa.

Zamani, alisema bibi, mwenye mtumbwi mmoja alivusha abiria wanane kutoka Okilo, na dhoruba ikawapindua. Aliwatoa maiti saba. Akapiga mbizi kumtafuta wa nane, akapiga tena, hakuibuka. Tangu hapo, popote habari yake inaposimuliwa, husogea karibu kuwahesabu wanaosikiliza, maana hawezi kuondoka na mtumbwi haujatimia. Kwa hiyo msimulizi akimaliza lazima aulize, "Kuna anayevuka?" Na wasikilizaji wote, hata mtoto mgongoni asemewe na mama yake, hujibu: "Hatukuja kuvuka, tumekuja kusikia." Asiyejibu ni abiria.

Akullo alikuwa amejibu palepale ufuoni. Okwera alisoma karatasi tu, hakuwa na subira ya kusikiliza. Barnabé alikuwa ameisikiliza mara tano, na hakuna aliyemuuliza kitu.

Alipogeuka kumwambia, meza ilikuwa tupu. Barnabé alikuwa amesimama juu ya kiti mbele ya dirisha lililo wazi, suruali imelowa hadi magotini, akiunyoosha mguu mmoja nje taratibu, kwa uangalifu, jinsi mtu anavyoingia mtumbwini akiogopa kuuyumbisha, na chini yake hapakuwa na kitu ila ghorofa tatu za hewa na honi za magari ya Nakasero. Akullo aliruka akamshika mkanda. Walianguka pamoja sakafuni. Barnabé alikohoa maji, mengi, na pamoja na maji ukatoka uzi wa kijani wa mafunjo.

"Banange, jamani," alisema Okwera mlangoni, akaja akapiga magoti kando yao.

Walimkesha Barnabé kwa zamu, na Alhamisi saa sita mchana akaja Mzee Odoch, dereva wa polisi mstaafu anayekaa Kisugu, ambaye wake wa maaskari wa kaskazini humwita mambo yakiwashinda mapadri na mashehe. Alikuja amenuna. Alisema goti linamuuma na lifti yao ni mbovu.

"Leta ile sauti, yote."

"Nzima ilifutwa, Mzee."

"Nani nafuta?"

Okwera aliinua mkono.

"Munachukua maneno ya watu, munakata kichwa, munakata mguu, halafu munaniita mimi," alisema Odoch. "Sisi tunaita jok, Waislamu wa kambini wanaita jini, jina utachagua wewe. Yeye hana shida na jina. Shida yake ni mtumbwi." Alimgeukia Akullo. "Wewe ni damu ya yule bibi. Utasimulia, na hawa watajibu. Huyu asipojibu leo, kesho hamutamshika tena."

Walifunga mlango na dirisha. Barnabé aliketishwa ukutani, midomo imemgeuka rangi, maji yakimtiririka ndani ya viatu. Odoch alimwaga unga kidogo kizingitini, akaweka bakuli la maji katikati ya chumba, akaketi.

Akullo alisimulia. Mwanzoni alisimulia haraka, kisha akaipata ile njia ya bibi yake, pole pole, na kadiri alivyosimulia ndivyo harufu ya tope ilivyopanda na mwanga ulivyofifia ingawa jua la mchana lilikuwa linawaka nje ya kioo, na maji ya bakulini yakaanza kucheza, na chini ya sauti yake ukasikika mlio wa kafi likigonga ubao, ukija, ukija, ukipita kabati la faili, ukipita meza ya Okwera, hadi ukasimama kando ya Barnabé, na pale hewani mwanamume asiyeonekana akaanza kuhesabu kwa sauti ya uchovu, acel, aryo, adek, angwen, abic, abicel, abiro, akanyamaza, akangoja.

"Kuna anayevuka?" aliuliza Akullo.

"Hatukuja kuvuka," alijibu Odoch, "tumekuja kusikia."

"Hatukuja kuvuka," alisema Okwera haraka, jasho likimtoka, "tumekuja kusikia."

Barnabé alifumbua kinywa, akakifumba.

"Sema!" alinong'ona Akullo. "Barnabé, maneno matatu manne tu. Sema!"

"Siwezi."

"Kwa nini huwezi?"

"Ni bongo, ni uwongo." Machozi yalimtoka. "Miye nilivuka. Ile mwaka ya vita, tulivuka Ziwa Albert na bwato ya samaki, usiku, tulikuwa wengi zaidi. Yeye anajua. Nikisema sikuvuka, ananicheka."

Kafi liligonga ubao mara moja. Maji yakampanda Barnabé hadi kiunoni, bila kutoka popote.

Hapo Akullo akachoka. Alikuwa amechoka na ramani, na umeme, na amri za Afande, na kiti, na sasa alichoka na huyu pia. Alisimama akaupigia kelele ukuta.

"Ameshavuka, humsikii? Amefika ng'ambo! Mtu havushwi mara mbili! Unataka nini kwake? Katafute ambaye hakufika!"

Barnabé aliinua kichwa polepole, na alipozungumza hakuwa anazungumza nao.

"Tulikuwa wawili," alisema. "Miye na mudogo wangu, Guerschom. Bwato ilijaa maji. Nilimushika mukono. Halafu nilishika ubao." Alimeza mate. "Sikujua kama alifika. Watu wengine walifika mbali, kambi zingine. Mama anasema alifika."

Yule mwenye mtumbwi alihesabu tena. Alihesabu bila haraka, na alipofika abiro hakunyamaza.

"Aboro," ilisema sauti. Nane.

Kitu kizito kiliketi mahali fulani, ubao ukalia chini ya uzito wake. Kisha kafi likaanza, likapita meza ya Okwera, likapita kabati, likapita ukuta wa dirisha, likawa dogo, likaisha. Nyayo za Barnabé zilikauka wakizitazama. Harufu ikawa ya karatasi na vumbi, kama ofisi yoyote.

"Kyoga inamwaga ndani ya Albert," alisema Odoch, akijiinua kwa shida. "Anajua njia. Hatarudi, sasa wametimia."

"Asante Mungu," alisema Okwera. "Barnabé, umepona! Umepona, kijana wangu!"

Akullo hakushangilia. Alimtazama Barnabé, akaona kwamba naye ameielewa hesabu ile: wa nane ni yule ambaye hakufika. Miaka yote hii mama yake, Bibiane, alikuwa akiuliza kila Mkongomani mpya kanisani, kila aliyetoka kambini, kama hajamwona kijana mrefu mwenye kovu kidevuni. Kila Jumapili alimtengea sahani. Barnabé alikuwa akiila jioni, baridi, ili mama asiione imebaki.

"Dada Akullo," alisema, "unisindikize."

Walikwenda Kisugu, nyumbani kwa mama yake. Bibiane alikuwa uani akichambua mchele. Aliwaona, akafurahi, akafuta mikono kwenye kitenge na kuvuta vigoda viwili.

"Mbona umerudi mapema? Umepata habari?"

"Ndiyo, mama," alisema Barnabé. "Ikala chini kwanza."