Majivu ya Jiko la Nakaloke

“Maxwell, nijibu. Nani anatia majivu kwenye hivyo vyungu?”

“Si mimi, Keti wangu? Wewe mwenyewe ulinifundisha. Kijiko kimoja, kila mwezi.”

“Kijiko kimoja hakifiki huku. Karatasi imekuwa bluu! Kipimo ni nane na zaidi, uchachu wote umekwisha.”

Ketty alisimama uani kwao Walukuba, Jinja, simu kwenye spika na mwanawe Jude mgongoni, akiitazama tena picha aliyotumiwa asubuhi ile. Majani machanga ya bangi yalikuwa ya manjano, mishipa tu ndiyo imebaki kijani.

Usishtuke, bangi ile ilikuwa ya dawa. Baba Jude, Maxwell Makokha, Mkenya wa Bungoma, alifanya kazi kwenye shamba lenye kibali karibu na Nakaloke, nje ya Mbale. Kila mfanyakazi alipewa vyungu kumi na viwili vya kutunza nyuma ya nyumba yake. Mwezi Machi udongo wa Maxwell ulikuwa mchachu, mashina yakawa zambarau, majani ya chini yakatoka madoa ya kahawia. Ketty, aliyekuwa akisoma kilimo katika masomo ya jioni, alimgawia karatasi zake za kupima uchachu, akamwelekeza majivu kidogo. Mimea ikapona. Meneja akaahidi: vyungu vikistawi, Maxwell atapata ruhusa ya kwenda kwa baba yake Ketty kujitambulisha.

Mara mbili siku hiyo ilikuwa imeahirishwa. Sasa ilikuwa Jumamosi hii, na mashangazi walishashona magauni yao ya gomesi.

“Niongeze mbolea?” Maxwell aliuliza.

“Uliongeza, ncha zikaungua! Chakula kimo humo humo, ila majivu yamekifunga, mizizi haikipati.” Ketty akaikuza picha. Juu ya udongo kulikuwa na vipande vya kuni na ganda la ndizi lililoungua. “Maxwell, wewe unakula hotelini. Haya majivu ni ya jiko la nani?”

Ketty akaisogeza simu mdomoni.

“Baba Jude?”

“Keti, mtandao unakata...”

Simu ikakatika. Ketty hakupiga tena. Kesho yake, saa sita mchana, alikuwa Nakaloke.

Nyuma ya nyumba ya Maxwell alimkuta mwanamke mwenye mimba kubwa akichota majivu jikoni kwa sahani iliyovunjika. Akapita nayo kwenye vyungu, kimoja baada ya kingine, taratibu, kama anayeweka chumvi kwenye mboga.

“Karibu, nyabo, karibu mama. Unamtafuta nani?”

“Maxwell. Mimi ni Ketty.”

“Eh! Ketty wa Jinja!” Uso wa yule mwanamke ukachangamka. “Dada yake mtaalamu wa udongo! Mimi ni Nambozo, wifi yako. Bambi, pole, keti hapa, mtoto amechoka.”

Ketty akakaa.

“Majivu unatia kila siku?”

“Kila asubuhi. Nilimsikia ukimwambia kwenye simu kwamba majivu yanaponya. Yeye anatia kile kijiko chake tu, mwanaume mchoyo! Nikasema nimsaidie mume wangu kimyakimya. Mbona mimea inazidi kuugua?”

“Mumeo... tangu lini?”

“Desemba. Alikuja kwa baba na ng'ombe wawili. Wewe hukupata nafasi, alisema ulikuwa na mitihani.”

Desemba. Desemba ndipo alipoahirisha mara ya kwanza, akasema meneja amemnyima ruhusa.

Lango likalia. Maxwell akaingia na jembe begani, akaganda.

“Ketty...”

“Shikamoo, kaka.”

“Keti, ngoja nikueleze. Si hapa.”

“Hapa hapa. Mweleze mkeo mimi ni nani.”

“Anieleze nini?” Nambozo akawatazama wote wawili. “Maxwell, anieleze nini?”

Maxwell akatazama vyungu. Ketty akafungua leso, akamsimamisha mtoto mapajani.

“Huyu anaitwa Jude Makokha. Ana mwaka na miezi miwili. Kama mimi ni dada yake, wifi, mtoto huyu tumwiteje?”

Nambozo akamtazama Jude, akamtazama Maxwell. Sahani ikamponyoka, majivu yakamwagika miguuni pake.

“Toka,” alisema polepole, na hakuwa akisema na Ketty.

Ketty alipokuwa akimfunga mtoto mgongoni, Nambozo alimshika mkono. Ketty akamwambia:

“Wewe huna kosa.”

Njiani alimpigia baba yake. “Baba, waambie wageni wasije.”

“Ameahirisha tena?”

“Hapana, baba. Yameisha.”

“Rudi nyumbani, mwanangu. Mlete mjukuu wangu.”

Jumamosi, saa ambayo wageni wangekuwa wanaingia, simu ikalia kwa ujumbe.

“Nisamehe Keti. Nambozo amerudi kwao. Majani yanaanguka na meneja anakuja Jumatatu. Niambie tu nifanye nini.”

Ketty alijua. Aache majivu, ahamishie mimea kwenye udongo mpya wenye mboji, amwagilie maji ya mvua yaliyotiwa siki kidogo, apime tena. Aliandika yote. Akayasoma. Akayafuta neno kwa neno, akaandika upya:

“Mimi ni dada yako tu. Mambo ya nyumbani muulize mke wako.”

Akazima simu. Kisha akachukua karatasi za kupima zilizobaki, akazipachika ndani ya daftari lake, na jioni ilipofika akambeba Jude kwenda darasani.