Besi Lililokwenda Wete

Anayesema mapenzi yanataka bustani na mbalamwezi hajapata kusimama mnadani Darajani, Unguja, asubuhi ya Jumapili, katikati ya samadari zilizovunjika miguu, makabati ya watu waliohama, na dalali anayepiga kelele mpaka mishipa ya shingo imemtoka. Hapo ndipo Ame Machano alipopatikana, mwaka wa sabini, na wala hakuwa akitafuta mke. Alikuwa akitafuta simu mbovu.

"Simu hizi hapa, fungu zima, hazisemi hata moja," dalali alinadi. "Nani ataniondolea?"

Ame alinyanyua mkono. Nyuma yake mtu akacheka.

"Kaka, umezitazama vizuri lakini? Hizo zimekufa zamani. Mie mwenyewe ndiye niliyezisomea hitima."

Aligeuka. Alikuwa binti mrefu, buibui limemwangukia mabegani, chini yake gauni la kijani la maua madogo, na kikuba cha asumini kimebanwa kifuani. Alikuwa na macho ya mtu aliyezoea kucheka kabla ya wenziwe.

"Unazijuaje?" Ame aliuliza.

"Nnafanya kazi ya simu. Opereta. Ukitaka Pemba au Dar es Salaam, mie ndiye nnayekuunganisha."

"Basi dada yangu, mie sitaki zisikie watu. Nataka zisikie nyuzi."

"Nyuzi gani tena?"

"Za gitaa. Mna sumaku humu ndani. Naitoa, naitia chini ya nyuzi, naunga waya mpaka kwenye redio. Gitaa lililokuwa linanong'ona likawa linanguruma."

Binti alimtazama kama anayetazama mtu aliyesema kwamba hufuga papa. Akatajiwa jina, akataja lake, Mwanakheir binti Bakar, wa Vuga. Alikuja kununua cherehani ya mkono, lakini alipofika nyumbani hakuwa nayo.

Kazi ya Ame ilikuwa hiyo. Alinunua magitaa ya bei rahisi, yale ya nyuzi sita yaliyopasuka tumbo au kuliwa na mchwa, akayachukua dukani kwake Kiponda. Alilitoa gitaa shingo yake, akalitia nyingine ndefu zaidi aliyoichonga kwa mbao za msaji za vitanda vya zamani. Badala ya nyuzi sita akaweka nne nene, waya wa piano uliozungushwa shaba, akatia zile sumaku za simu, akapiga msasa na vanishi. Likatoka gitaa la besi. Besi jipya la Ulaya lilikuwa la kuliona kwenye picha tu, lakini besi la Ame klabu ya muziki ya shamba iliweza kulinunua na bado ikabakiwa na nauli ya kurudia kwao.

Mwanakheir alikwenda kulisikia. Kwa heshima alifuatana na shoga yake Sichana, ambaye alipewa kiti na kisahani cha halua, na baada ya hapo hakusikia wala hakuona kitu. Ame alipiga uzi mmoja mnene, taratibu. Vikombe vikatetemeka kwenye rafu.

"Mbona sauti yake siisikii masikioni?" Mwanakheir aliuliza, mkono kifuani. "Naisikia hapa."

"Ndiyo besi hiyo. Likiwepo hakuna anayelitaja. Liondoe, utaona watu wanageuka, wanaulizana kumeharibika nini."

"Masikini. Basi halina hata wa kulisifu?"

"Linaye mmoja leo, nadhani."

Mwanakheir aliinama akajifanya anatengeneza ukanda wa kiatu. Toka siku hiyo Ame akawa na wateja wengi sana Pemba na Dar es Salaam, wengine hata wenyewe hawajui kuwa ni wateja. Kila baada ya adhuhuri alikwenda duka la vitambaa la jirani kuomba simu.

"Namba ngapi?" sauti iliuliza.

"Yoyote. Nipe iliyo mbali, nipate kusubiri sana."

"Bwana wee, hii ni simu ya serikali, si baraza la kahawa."

"Basi niunganishe na opereta."

"Opereta ana kazi." Kisha, chini chini: "Umekula?"

"Nshakula. Na weye, roho yangu?"

"Usiniite hivyo kazini, nakata simu." Na hakukata.

Hivyo ndivyo walivyopendana, kwa vipande vya maneno baina ya simu za watu wengine. Siku ambayo zamu ya Mwanakheir ilikuwa ya asubuhi, alasiri ya Ame ilikuwa ndefu na haina ladha.

Ikafika siku klabu moja ya Wete ikaagiza besi. Ame alipiga simu akiwa na mkono wenye vumbi la mbao.

"Mwanakheir, baba yako hukaa nyumbani siku gani?"

"Alhamisi, baada ya laasiri. Kwa nini?"

"Mie nakwenda Pemba kupeleka besi. Lakini Alhamisi shangazi yangu atakuja kwenu, na wazee wawili. Wanakuja kusema neno."

Upande wa pili kiti kikalia sakafuni.

"Mwanakheir?"

"Nipo. Nimekaa chini tu."

Ame akalimaliza besi lile mbio mbio, maana mtu mwenye furaha mikono yake haimtii. Ubao wa shingo haukukauka sawasawa. Alijua, akajidanganya kwamba utakaa. Haukukaa. Alipolitoa kwenye gunia kule Wete, unyevu wa bahari ulikwisha kuipinda shingo, nyuzi zinagusa ubao, kila sauti inakereza. Jaku, mkubwa wa klabu, alisema halina neno, watu watacheza tu. Mwengine angeshukuru akapanda chombo akarudi kwao. Ame aliona uso wake mwenyewe umeshuka. Atamposaje mwana wa watu, na jina lake litajwe mbele ya wazee, na huku kazi aliyoiuza imepinda? Akamtuma abiria mmoja aliyekuwa anavuka kwenda Unguja: mwambie shangazi asiende Alhamisi, angoje nirudi mwenyewe.

Wa pili wa kuambiwa alikuwa Mwanakheir, na huyo alitaka kumwambia kwa mdomo wake. Lakini mvua za masika zilikuwa zimeanza, na laini ya Pemba ikakatika. Ame alitafuta kizingiti cha msaji mkavu, akakichonga shingo mpya, akapaka gundi, akangoja ikauke katika mvua ile isiyokauka kitu. Jioni alikaa na besi mapajani bila ya kulipiga. Alimtamani Mwanakheir mpaka akawa anaongea naye peke yake, namba ngapi, umekula, na watu wa Wete wakaanza kumwangalia kwa huruma. Besi liliposema vizuri, alirudi.

Alimkuta shangazi yake, Bi Mwanapili, mlangoni Kiponda, amekaa juu ya kibao cha mbuzi kama aliyefiwa.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba. Chelewa chelewa, Ame, utakuta mwana si wako. Nilikwambia, hukusikia. Yule binti keshaposwa. Mabrouk, karani wa shamba la Kizimbani. Kijana mzuri, sina la kumsema."

"Na yeye amekubali?"

"Baba yake alimuuliza, akainama, akanyamaza. Na kimya cha mwari unakijua, ndiyo ridhaa yake."

Ame aliingia dukani, akachukua randa, akakwangua ubao mzuri mpaka ukaisha. Hakupita duka la vitambaa siku ile wala zilizofuata. Alikuwa na uchungu, na uchungu wake ulikuwa na kiburi ndani yake, kwani hakutaka kumsikia Mwanakheir akisema kwa ile sauti yake kwamba ameridhika na mwengine. Lakini watu wa Makunduchi walituma kutaka besi, na Makunduchi haipatikani ila kwa opereta.

"Namba ngapi?"

"Makunduchi," alisema.

"Umerudi," sauti ikasema.

"Nimerudi. Nakupa hongera."

"Hongera ya nini, Ame?"

"Ya posa. Nimeambiwa uliulizwa, ukanyamaza."

"Nilinyamaza, ndiyo. Si uliniambia Alhamisi? Alhamisi baada ya laasiri nikasikia wageni wanavua viatu ukumbini, na mie chumbani roho inanipwita. Walipoondoka baba akaniita. Akanambia, mwanangu, wamekuja watu wa heshima kukuposa, unasemaje? Hakutaja jina. Na mie ningeliuliza vipi? Mwari anayeuliza jina, huyo ana wake moyoni. Nikainama. Nilinyamaza kwa furaha, Ame. Sijapata kunyamaza kwa raha kama siku ile. Mpaka mama aliponiletea habari za Kizimbani."

Ame aliegemea marobota ya vitambaa. Mwenye duka alijifanya anapima kanga.

"Nilipiga Wete," Mwanakheir aliendelea. "Laini imekufa. Nikasema huyu amejuta, ndo maana hakuja na hakusema. Ulikuwa wapi?"

Akamweleza, shingo, unyevu, aibu yake, abiria aliyetumwa. Mwanakheir alisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hivyo nimeposwa na mtu mwengine," alisema polepole, "kwa sababu ya shingo ya gitaa."

Alicheka. Kicheko kikavunjika njiani, na Ame akamsikia analia, na nyuma yake waendesha simu wengine wakiita namba.

"Nisamehe, mpenzi. Nilitaka nije nikiwa sina kasoro."

"Nani alikwambia nataka asiye na kasoro? Ningekupenda weye?" Alivuta pumzi. "Taa za simu zinawaka ubaoni, nijibu haraka. Wanitaka au hunitaki?"

"Nakutaka."

"Mlete shangazi yako leo. Mie nitasema."

Laasiri ile Bi Mwanapili alipanda ngazi za nyumba ya Vuga, kanga mpya zikinukia udi. Ame, kwa kuwa mposaji haingii, alibaki nje amesimama upande wa pili wa njia. Alisikia salamu, zikawa ndefu. Akasikia sauti ya Mzee Bakar ikipanda: neno langu nishalitoa, bibi, neno si shati hata nilivue. Kisha ikaja sauti aliyoijua kwa kila pumzi yake, na haikuwa ya chini.

"Baba, niadhibu utakavyo. Siku ile nilinyamaza kwa kudhani ni Ame. Leo sinyamazi. Mabrouk simtaki."

Ame alivuka njia, akasogea karibu na mlango. Kama mzee atasema hapana, hakuna wa kumlaumu, na maisha yake yote atakuwa anatengeneza besi za watu wengine kuchezea harusi zao.

Mlango ulifunguliwa. Mzee Bakar alisimama kizingitini, kofia yake ya kiua sawa sawa kichwani, macho mekundu.

"Shikamoo."

"Marahaba. Weye ndiye fundi wa magitaa?"

"Naam."

"Nilimuuliza mwanangu bila ya kumtajia jina. Babangu alifanya hivyo kwa dada zangu, nikaona ndiyo adabu. Kesho nitakwenda Kizimbani kuomba radhi kwa uso wangu huu. Na yule kijana hakukosa kitu, unanisikia? Siwezi kupigisha ngoma hapa na huku mwana wa watu anaona haya kupita njiani. Mwaka mzima mtangoja. Usipite mtaa huu. Usitume mtu na salamu. Mwaka ukitimia shangazi yako aje, na mie nitamjibu vizuri."

Mwaka. Ame aliuona mbele yake wote, masika na vuli, jioni baada ya jioni. Alitamani kubisha, akamtazama yule mzee atakayekwenda kujivunjia heshima kesho, akaona haya.

"Nimekubali, baba."

Mzee Bakar aliitikia kwa kichwa, akaanza kufunga mlango. Dirisha la juu likafunguka kidogo.

"Baba," sauti ya Mwanakheir iliuliza, "na simu je?"

Mzee alisita, mkono juu ya komeo. Hakumtazama binti yake wala hakumtazama Ame.

"Simu ni za serikali," alisema. "Mie sina amri nazo."