Aliyemwitikia Héritière

Wapo watakaosema nimetunga. Waseme. Mimi Amisa nina nyumba hapa mtaa wa Bertrams, huku kusini kabisa mwa Afrika, niliyoachiwa na marehemu baba, na chumba cha uani alipanga Gaëlle, fundi cherehani kutoka Lubumbashi. Niliyoyaona niliyaona kwangu, jua likiwaka, nikiwa na akili zangu timamu.

Gaëlle alikuwa mpangaji wa kujivunia. Cherehani aliiweka barazani, akishona huku anaimba, na ukikaa naye, mazungumzo yote huishia kwa Chloé, binti yake wa miaka tisa aliyebaki kwa bibi. Alimwacha akiwa hajui kufunga kamba za viatu. Sasa makaratasi yalikuwa tayari na mtoto angekuja kwa basi mwezi wa tatu. Kila gauni la mtoto alilomshonea mteja aliliinua kwanza, akaniuliza kama lingemtosha wake.

Rafiki yake wa chanda na pete alikuwa Héritière, msusi wa Rosettenville. Waliimba kwaya moja. Na Héritière, Mungu anisamehe, alizaliwa kuchelewa. Kila mazoezi, katibu akiita majina, Gaëlle alijiitikia mwenyewe, kisha likiitwa la Héritière akaitika tena, "Niko!" Sisi wa Bongo tungesema nipo, wao husema niko. Kwaya nzima ilijua na kucheka, maana karibu kila mtu pale alikuwa na mtu wa kumwitikia. Walisema huo ndio urafiki.

Huyo Héritière ndiye aliyeanzisha safari za Jumamosi. Aliziita Italia bila viza. Wafungwa wa vita wa Kiitaliano waliletwa nchi hii zama za Vita Kuu ya Pili, wakalima mashamba na kuchonga barabara, na huku na huko wakaacha majengo. Héritière aliyatafuta yale ambayo watalii hawayajui: mnara wa kengele nyuma ya ghala, nyumba ya shamba yenye matao, daraja la mawe milimani. Akina mama walivaa makoti na viatu virefu, wakapiga picha wakiipa milima mgongo, jioni picha zikafika Lubumbashi na mashangazi wakauliza Roma kuna baridi kiasi gani. Nilicheka sana. Anayeishi chumba kimoja na watoto wanne, mwache aonekane Ulaya siku moja.

Krismasi ilipopita, Héritière alibadilika. Alikonda, akaacha utani, na ikifika jioni hakutaka kuwa na watu. Gaëlle alimbembeleza aseme, akaambiwa ni uchovu. Kisha Februari akaja mwenyewe hapa nyumbani, mbio mbio, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue aliwahi. Alikuwa amepata kikanisa cha wafungwa huko Waterberg, akasema, kizuri kuliko vyote, na safari hii Gaëlle hatalipa hata senti. Gaëlle alifurahi kama mtoto.

Nilisikia habari za siku hiyo kutoka kinywani mwa Gaëlle, mara nyingi, mpaka naweza kuisimulia kama nilikuwepo.

Hashim, dereva wao, aliwafikisha kabla ya saa sita. Milima ilikuwa myekundu, yenye magenge marefu, na bondeni nyasi zilikuwa za kijani kibichi. Kikanisa chenyewe kilikuwa kidogo, cheupe kwa chokaa, na ndani ukutani kulikuwa na Bikira Maria aliyechorwa kwa rangi za udongo. Wafungwa walikijenga jioni baada ya kazi, kwa mawe waliyobeba mabegani. Walikula, wakapiga picha, wakacheka. Alasiri ukungu ukaanza kuteremka mlimani.

Wenzake walitoka kwenda kupiga picha za ukungu. Gaëlle alibaki kumwashia mwanawe mshumaa. Héritière alikuwa nyuma yake, kisha akasema anaifuata simu garini. Alisema hivyo huku simu anayo mkononi.

Filimbi ikalia nje. Moja tu, ndefu.

Kisha sauti ya mwanamume ikaanza kuita majina. Bruno. Ettore. Silvio. Kila jina likajibiwa, "Presente." Gaëlle hakuogopa. Shuleni kwao Lubumbashi waliitika hivyohivyo kwa Kifaransa, akadhani ni wageni wengine wanahesabiwa na kiongozi wao. Akaendelea kukinga mwali wa mshumaa kwa kiganja.

Ila sauti zilikuwa zinatoka ndani. Zilitoka kwenye mabenchi, na mabenchi yalikuwa matupu.

"Héritière," ikaita ile sauti.

Ikaita tena:

"Héritière."

Mwili una mazoea yake. Kabla hajafikiri, mdomo wake ulishafunguka.

"Niko."

Akasikia viatu vingi vikigeuka kumwelekea. Mshumaa ukazimika. Alikimbia mpaka nje na hakuna aliyemfuata. Alimkuta Héritière garini, amejifunga mkanda, analia huku anatabasamu. Hakumuuliza kwa nini anahema. Alimshika mikono, akanong'ona akimwita dada kwa lugha yao, "Asante, yaya Gaëlle. Mungu akulipe."

Gaëlle alidhani anashukuriwa kwa mshumaa.

Kesho yake jioni nilikuwa barazani nachambua maharage. Cherehani ikanyamaza. Gaëlle akasimama ghafla, visigino pamoja, mikono ubavuni, macho ukutani.

"Niko," akasema, na akakaa tena kushona.

Nilimuuliza anaongea na nani. Akaniuliza kama sikusikia filimbi. Sikuwa nimesikia kitu, isipokuwa kelele za mashabiki upande wa uwanja wa Ellis Park. Lakini nilipotazama chini niliona miguu yake. Ilikuwa na tope jekundu hadi kwenye vifundo, na barazani kwangu nimeweka vigae.

Ikawa kila jioni. Mwanzoni alisimama tu. Baadaye akawa anatoweka. Mchungaji wao, Ruphin, alikuja kumwombea. Tulifunga mlango kwa ufunguo, tukamweka katikati, mchungaji akaomba kwa sauti ya kutetemesha madirisha. Alipofumbua macho kusema amina, tulikuwa wawili. Mlango ulikuwa umefungwa vilevile. Gaëlle alirudi kabla wali haujaiva, akitokea chumbani kwake, nywele zimelowa ukungu. Alisema sasa wanamwita kwa jina lake mwenyewe, na wanahesabiwa mmoja mmoja. Alisema hesabu ikitimia ndipo huachiwa, na kila siku inachelewa zaidi kutimia.

Nilipanda teksi hadi Rosettenville. Héritière alikuwa amenenepa, anasuka, anacheka na wateja. Aliponiona akaweka chanuo chini, tukaenda nyuma ya saluni. Hakukana. Alisema alikwenda peke yake mwezi wa Desemba kukagua pale mahali, akapiga hodi mlangoni kama mtu mwenye adabu, na sauti ikauliza nani. Akataja jina lake. Tangu siku hiyo akawa anaitwa. Kisha jioni moja alichelewa kwaya, Gaëlle akamwitikia kama kawaida, na jioni hiyo hakuitwa. Hapo akajua wanaikubali sauti ya Gaëlle.

"Kwa hiyo ukampeleka," nikasema.

"Miye pia niko na watoto, dada Amisa."

"Na yeye?"

"Atafute mutu wa kumwitikia." Akanitazama usoni. "Weye utamwitikia?"

Nilikuwa nimekuja na matusi ya kutosha mtaa mzima. Yote yaliniishia. Nikaanza kutafuta nauli ya kurudia mkobani, na yule mwanamke akatikisa kichwa, akarudi kwa mteja wake. Nilimchukia kwa alichofanya, na nilimchukia zaidi kwa kunijua.

Nilimweleza Gaëlle yote. Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walisema, lakini yeye hakulia kwa sababu ya kuliwa. Alilia kwa sababu ya kwaya. Akakumbuka kila mara aliyomwitikia rafiki yake, na jinsi alivyokuwa akiona fahari. Kisha akafuta uso, akaanza kuwaza kuhusu mtoto.

"Chloé ni mutoto wa heshima," akanong'ona. "Kule kwetu, batu bakiita mama yake, yeye ndiye anaitikaka. Atalala na miye chumba kimoja, yaya. Ataitika."

Nikamwambia tutamkanya. Akasema mtoto hukanywa asubuhi, akasahau mchana.

Chloé alikuwa safarini na mama mmoja mfanyabiashara, wameshavuka mpaka wa Zimbabwe. Siku moja kabla hajafika, Gaëlle alikunja nguo za wateja, akazipanga, akanipa ufunguo wa chumba. Aliniomba nimpokee mwanawe na nisimpeleke kamwe milimani. Filimbi ilipolia, ambayo mimi sikuisikia, alikuwa tayari amesimama uani na koti lake limefungwa vifungo vyote. Niligeuka kufunga bomba. Nilipogeuka tena, hakuwepo. Wali uliiva. Ukapoa.

Nilimpokea Chloé Park Station. Mtoto mwembamba, amejikunyata, na mdomoni ana alama nyeupe. Yule mama mfanyabiashara aliniambia basi lilichelewa kwa ajili ya ukungu. Walisimama kando ya barabara kuu, mahali unapoiona Waterberg kwa mbali, abiria wakashuka kunyoosha miguu. Chloé alipotea machoni pake kidogo tu, kisha akamkuta akiwa hivyo.

Nilichuchumaa, nikamuuliza kulikuwa na nini.

"Batu balikuwa banaita majina," akasema. "Baliita mama yangu. Nilitaka kuitika. Mukono ulinifunga kinywa."

"Mkono wa nani?"

"Sikuona. Ulikuwa baridi sana. Ulinukia mafuta ya cherehani."

Nikaielewa ile alama. Vidole vinne upande mmoja wa mdomo, kidole gumba upande wa pili. Chokaa. Gaëlle angeweza kutoka siku ile. Alichotakiwa kufanya ni kunyamaza tu, mtoto amwitikie, kama Héritière alivyonyamaza garini. Nilimkumbatia yule mtoto nikalia katikati ya watu na mabegi yao.

Niliiosha, ikatoka. Nilidhani yamekwisha.

Chloé anasoma hapa jirani, na Kiingereza anakishika haraka. Wiki iliyopita mwalimu wake aliniita. Anataka kujua nani nyumbani kwangu anampaka mtoto chaki. Anasema kila asubuhi akiita majina darasani, Chloé hufungua mdomo, na kabla hajatoa sauti vidole vyeupe vinakuwa vimeshatokea usoni pake. Nilimwomba asimwite tena kwa jina. Alinitazama kana kwamba mimi ni mwehu.

Mtoto akirudi nachukua kitambaa na maji ya uvuguvugu, namfuta taratibu. Jana nilikuwa nimebakiza alama ya kidole gumba. Nikahisi mkono wa baridi umeshika wangu, ukausukuma kando polepole, bila hasira, kama mama ambaye hamwamini tena mwanamke mwenzake.