Baridi Aliyoificha Annick

Annick anauza samaki wakavu katika soko la Kalerwe. Mwezi ule alikuwa akichoka hata kabla ya kupanga meza. Hospitalini wakamwambia damu imepungua sana, lazima aongezewe.

Mume wake, Elie, hakupenda. "Damu ya nani? Mtu mwenyewe hatumjui. Nikiona kitu kibaya, tunarudi nyumbani."

Muuguzi, Sista Rukiah, alimuuliza Annick jina, akalilinganisha na lile la kwenye mfuko wa damu. "Ukijisikia vibaya, hata kidogo, niite," alisema.

Damu ikaanza kushuka. Elie aliukazia macho ule mfuko kama anayemchunga mwizi.

Baada ya muda Annick akasikia baridi. Akanyamaza, akiogopa mumewe atamtoa hospitalini. Alijifunika shuka mpaka kidevuni, lakini meno yakaanza kugongana.

Elie akaruka. "Mmempa nini mke wangu?" Akaushika mpira uliopitisha damu.

"Usivute, kaka!" Rukiah alikuja mbio. Akaifunga damu, akaacha sindano mkononi na kuunganisha maji ya chumvi. Akamwita daktari. Daktari alipofika, Rukiah akamtoa Annick damu kidogo, kisha akauchukua mfuko.

Elie akaziba mlango. "Unaupeleka wapi? Unaficha ushahidi!"

"Naupeleka maabara, pamoja na damu ya mama niliyoitoa sasa hivi. Wapime tena kama zinapatana. Daktari yuko naye. Twende, ukaone mwenyewe."

Elie akamfuata. "Kwa hiyo damu ni mbaya?"

"Bado sijui. Damu isipopatana na mgonjwa, anaweza kufa. Lakini mara nyingi ni homa tu, mwili unakataa kitu kigeni. Kwa macho siwezi kutofautisha, ndiyo maana nasimamisha kwanza. Baridi, homa, kuwashwa, kifua kubana, mgongo kuuma, mkojo mweusi: mgonjwa aseme hapo hapo. Hata akiwa amesharudi nyumbani, aje."

Majibu yalitoka: damu zilipatana. Ilikuwa homa tu, na dawa ikaishusha.

"Baridi ilianza mapema," Annick akamwambia mumewe. "Nilificha kwa sababu yako."



Kesho yake waliweka mfuko mwingine, polepole. Elie alilisoma jina mwenyewe, herufi kwa herufi. Rukiah akamngoja amalize.

"Unasikia baridi?" Elie alimuuliza mkewe. Baadaye kidogo: "Unawashwa? Kifua je? Unasikia nini? Sema, usifiche."

Annick akacheka. "Nasikia njaa."