Mtani wa Bati

Kila neno la habari hii ni kweli tupu. Mzee Mihayo ameiapia kwa kulamba kidole na kukielekeza mbinguni, na lile la mbega mwenye bisibisi ameliapia mara mbili. Basi sikilizeni.

Enzi hizo, katika msitu wa Amani kule Usambara, wageni hawakulala chini. Walilala ndani ya vyumba-kiota, vyumba vya mviringo vilivyoning'inia baina ya miti, vikipanda na kushuka vyenyewe kufuata ubaridi wa ukungu. Asubuhi hiyo kiota cha Mzee Mihayo na mkewe, Bi Mwamvua, kilikuwa juu kabisa kwenye vilele, na nje ya dirisha mtambo-mwenyeji wao ulikuwa unakwea mti kwa miguu sita myembamba kama ya buibui, birika la chai mkononi. Hata tone halikumwagika.

Kifuani mtambo ule ulikuwa na kidude cha ukubwa wa kokwa ya embe, kinaitwa kisikizi. Humo ndimo yalimokaa masikio yake, ulimi wake na akili yake yote. Kisikizi kilisikiliza mapigo ya moyo ya mgeni kupitia bangili aliyovaa, kikajifunza nini kinamfurahisha.

"Mzaramo we, umeamka?" mtambo uliuliza dirishani. "Nilidhani mpaka ipigwe ngoma!"

"Kelele, Mnyamwezi wa bati!" Bi Mwamvua alirusha kanga begani. "Babu zako walibeba mizigo ya watu kutoka Tabora mpaka Bagamoyo. Mpaka leo mkiona begi la mtu, bega linawawasha!"

"Si ndiyo maana nimepewa birika? Shemeji, sukari vijiko vingapi?"

Shemeji huyo ndiye Mzee Mihayo. Alikigeuza kikombe chake chini juu.

Wanyamwezi na Wazaramo ni watani tangu zama za misafara. Hutukanana wakacheka, na anayenaswa na kosa hulipa faini atakayotaja mwenzake. Mihayo ni Mnyamwezi wa kuzaliwa, na kwa utani huo huo ndivyo alivyompata Mwamvua. Sasa leo bati linamchokoza mkewe, na mkewe anacheka kile kicheko cha kujishika mbavu ambacho hakijasikika nyumbani tangu Mihayo astaafu ufundi wa mitambo ya simu.

Msituni ilikuwa balaa. Mtambo ulionyesha kinyonga, Mwamvua akacheka. Mtambo ukasema kinyonga yule anatembea kama Mzaramo anayeitwa shambani, Mwamvua akalazimika kukumbatia mti.

"Mama Nyamizi, kinachekesha nini?" Mihayo aliuliza.

"Ah, Baba Nyamizi, utani ukielezwa haunogi tena."

Alikasirika mpaka masikio yakapata moto. Angalau angekuwa mwanamume, angemkunja shati. Hili halina hata shati!

Mchana mkewe alipoingia kuoga, Mihayo aliufuata mtambo uliokuwa umejikunja barazani ukiota jua. Alifungua kifua chake kwa kisu cha siagi, akang'oa kisikizi, akakitumbukiza mfukoni kwenye karanga zake. Miguu sita ikalegea.

Nilitarajia atajisikia mshindi. Yeye mwenyewe alitarajia hivyo. Lakini Mwamvua alipotoka na kuukuta mtambo umezimika, alikaa kitandani na taulo lake, akatazama ukungu. Mihayo alimuuliza atakula nini jioni. Akajibu, "Chochote."

Mwenyeji wa kambi aliitwa, kijana wa Kisambaa jina lake Shekalaghe.

"Shikamoo mzee. Nani amegusa huu mtambo?"

"Marahaba. Mbega," alisema Mihayo bila kupepesa. "Mbega dume, mkia mweupe hivi. Kaja na bisibisi."

"Bisibisi?"

"Ya nyota. Haki ya Mungu! Na alipomaliza alifunga kifuniko vizuri, mnyama mwenye adabu yule."

Shekalaghe alikuna kichwa. "Hasara kubwa, mama. Ule utani haukuwa wetu. Mtambo wetu hauna utani wa kwake. Ulijifunza kwenye zile sauti ulizotutumia."

"Sauti gani?" Mihayo aliuliza.

Bi Mwamvua hakugeuka. "Zako. Ulizokuwa unanitumia kwenye simu, zamani zile za uchumba. Waliniuliza ninatamani nini nikija mapumziko, nikasema ninatamani kumsikia huyo. Nyumbani unaongea na ukuta-picha tu. Mimi unaniuliza chakula."

Mihayo alipapasa mfuko wenye karanga. Kumbe tangu asubuhi Mihayo alikuwa anamwonea wivu Mihayo wa zamani.

"Kisikizi hakimo kifuani. Ngoja nijaribu kukiamsha kutoka mbali," alisema Shekalaghe, akabonyeza kibao chake.

"Shemeji!" sauti ilitoka kwenye mfuko wa Mzee Mihayo. "Mbona humu giza tupu? Na hizi karanga zimechacha!"

Kisha Mwamvua akageuka polepole.

"Mbega, eh?"

"Mwamvua, naapa..."

"Mkia wako uko wapi? Nimekunasa, Mnyamwezi! Faini!"

Siku ya kuondoka, mitambo ya kubeba mizigo ilijipanga mlangoni, ikarudishwa yote. Mzee Mihayo aliteremka njia ya msituni kwa miguu yake, begi la mkewe begani kama faini aliyotajiwa, jasho likimtoka mpaka kwenye viatu. Mkewe alimfuata mikono mitupu, mkoba mdogo tu begani.

"Vipi, bega limeacha kuwasha?"

"Mzaramo we," alihema Mihayo, "humu umeweka nguo au umeiba ngoma?"

Ulikuwa utani mpya, haumo katika sauti yoyote ya zamani. Kicheko cha Bi Mwamvua kiliwarusha mbega matawini.

"Waone!" Mihayo alisema. "Yule wa mwisho, ndiye mwenye bisibisi!"

Bi Mwamvua alivua mkoba wake, akauning'iniza kwenye bega la pili la mumewe.