Wafanyakazi wa Tumboni

Mume wangu ni fundi wa vyoo na mashimo ya maji taka. Mtaa mzima unamwita Koki. Kazi anaijua, lakini mdomo! Jioni ile alirudi ananguruma.

"Wameua shimo tena! Kila siku wanamwaga dawa kali, halafu wananiita, eti choo kinanuka. Mle ndani kuna vijidudu vinavyokula uchafu. Ukiviua, nani afanye kazi?"

"Pole, baba. Nawa mikono, chakula kipo." Hotuba hiyo nimeshaikariri.

Wiki hiyo kitinda mimba wetu alishikwa na mafua. Koki akafungua kopo lake la kabatini. Humo huweka antibiotiki zilizobaki, za kila ugonjwa uliowahi kupita nyumbani kwetu.

"Twende zahanati kwanza," nikamwambia.

"Kwa mafua tu? Hizi ndizo kiboko yake!"

Akampa asubuhi na jioni. Mafua hayakutoka, na tumbo nalo likachafuka. Mtoto akaharisha mpaka macho yakaingia ndani, hata nguvu ya kulia hana. Jamani, niliogopa! Nikambeba mgongoni, mbio hadi zahanati, Koki nyuma yangu.

Muuguzi wa zamu alikuwa wifi yangu, dada yake Koki. Alimpima mtoto, akaanza kumnywesha maji ya ORS, kijiko kwa kijiko. Kisha akageuka.

"Kaka, umempa nini?"

Koki akasema. Wifi akashika kiuno.

"Mafua huletwa na virusi, na antibiotiki haziui virusi. Zinaua bakteria. Tumboni mwa mtu kuna bakteria wengi mno, na wengi wao ni rafiki. Wanasaga chakula kinachotushinda. Wanatengeneza vitamini. Wanawabana wabaya wasipate nafasi. Wewe umeua wenye kazi!"

Koki akalitazama tumbo la mtoto.

"Kumbe nimeua shimo la mwanangu," akasema taratibu.

"Umesema mwenyewe. Ila watarudi. Akipata nafuu, mpe maharage, mboga, matunda, maziwa mgando. Siku daktari akimwandikia antibiotiki, ameze kama alivyoambiwa. Kujiandikia mwenyewe, marufuku!"

Nilikitazama kile kitumbo kidogo nikastaajabu kweli. Kumbe kimebeba umati mkubwa kuliko wa mji! Usiku na mchana wanatuhudumia, hawaombi likizo, na hakuna aliyewahi kuwaambia ahsante.

Baada ya siku chache tumbo likatulia, mtoto akarudia kazi yake ya kunivunjia vikombe. Koki akachukua lile kopo, akaenda kulimwaga chooni. Mara akatoka nalo, bado limejaa.

"Vipi tena?"

"Huko nako wapo wenzao. Nampelekea dada, zahanati wanajua pa kuziteketeza."

"Baba, unakwenda wapi?" mtoto akauliza, bakuli la maharage mapajani.

"Kuwaomba msamaha wafanyakazi wako."

Mtoto akajipapasa tumbo. "Mbona wapo hapa, baba? Wanakula."

Koki akachuchumaa mbele yake, akaweka mkono juu ya kile kitumbo. "Samahani, wakubwa," akasema.