Mkunga na Vitufe Visivyo na Jina

Asubuhi katika nyumba ile ilianza kwa sauti ya simu. Hakuna aliyepiga. Ilikuwa simu ya bibi ikisema peke yake sebuleni: "Saa kumi na mbili na nusu. Betri asilimia themanini." Wajukuu walisema bibi ana simu yenye mdomo.

Bibi huyo alikuwa mkunga. Kwa miaka mingi alipokea watoto katika wadi ya wazazi. Kisha presha ya macho ikamnyang'anya nuru kidogo kidogo, mpaka akabaki gizani. Binti yake alimleta nyumbani kwake wakae pamoja. Jirani yao, mwalimu wa shule ya wasioona, alimfundisha kutumia simu inayosoma kwa sauti kila unachokigusa. Mkunga alielewa upesi. Punde si punde alikuwa akisikiliza habari, akituma ujumbe, na kuwagombeza ndugu walio mbali bila kuinuka kitini.

Lakini aliyezoea kazi hawezi kukaa bure. Chuo kimoja kilitangaza kozi ya mtandaoni kwa wakunga wazoefu wanaotaka kuwa wakufunzi. Akajiandikisha.

"Macho yamekwenda," alimwambia binti yake, "ila mikono bado inakumbuka, na mdomo ninao."

Aliyefurahi kuliko wote ni mkwe wake, fundi wa kompyuta. Jukwaa la mtandaoni lililobeba kozi hiyo alilijenga yeye na wenzake pale chuoni, alikofanya kazi, na alilionea fahari. Rangi zilipendeza, picha zilikuwa nyingi, na wageni wa chuo hawakuondoka bila kuonyeshwa. Kila jioni alimwuliza mama mkwe kama masomo yanakwenda vizuri. Kila jioni alijibiwa, "Vizuri, mwanangu. Nashukuru."

Hayakuwa yakienda vizuri hata kidogo.

Aliyefichua siri ni binti. Alimkuta mama yake akikunja waya wa visikilizio vya masikioni na kuuweka mbali. Mkunga alikuwa ameshindwa mtihani wa kwanza, na alikuwa ameamua kuacha. Alisema kichwa chake kimezeeka, hakiingii kitu. Binti alikwenda jikoni akamweleza mumewe waliyozungumza.

Fundi aliona uchungu. Aliuliza kwa nini mama hakumwambia mapema, na yeye yupo humu humu ndani.

"Ungemwambiaje mkwe wako kwamba chakula alichokuandalia hakiliki?" mkewe alimjibu.

Fundi alikwenda sebuleni, akaketi kwa adabu, akamwomba mama mkwe amsikilizishe somo moja tu. Mkunga alisitasita. Mwishowe akafungua jukwaa na kuanza kupitisha kidole juu ya skrini.

"Kitufe," simu ilisema. "Kitufe. Picha. Kitufe. Picha."

"Sasa hapo mimi nifungue kipi?" Mkunga aliuliza kwa upole.

Fundi aliinama akaangalia. Kitufe cha kwanza kilikuwa na alama ya kitabu, cha pili alama ya kalamu, cha tatu mshale wa kwenda mbele. Kwa mwenye kuona, kila kitu kilikuwa wazi. Kwa mwenye kusikiliza, hapakuwa na kitu.

Akauliza kuhusu mtihani. Mkunga akaeleza.

"Swali la kwanza lilisema tazama picha, mtoto amekaaje tumboni? Simu ikasema, 'Picha.' Basi. Nikahangaika kukitafuta kitufe cha kwenda mbele mpaka muda ukaniishia. Mwanangu, nimepokea watoto waliotanguliza makalio. Swali lile ningelijibu hata usingizini."

Fundi alitazama sakafu. Kumbe si kichwa cha mama kilichoshindwa.

Kesho yake alimwendea yule jirani mwalimu. Mwalimu alikuja na kompyuta yake ndogo, wakaketi mezani. Alieleza kwamba programu inayosoma skrini haina macho. Inasoma kilichoandikwa. Fundi asipokipa kitufe jina, programu itakiita kitufe tu. Asipoandika maelezo ya picha, itasema "picha" na kupita.

"Lakini usimfikirie mama peke yake," mwalimu aliendelea. "Asiyesikia anahitaji maandishi chini ya video. Asiyeweza kushika kipanya lazima afike kila mahali kwa kibodi. Anayesoma polepole aweze kuongezewa muda wa mtihani. Na wapo wasiotofautisha nyekundu na kijani, kwa hiyo usiseme 'bonyeza cha kijani' ukaishia hapo."

"Nitajuaje kama nimepatia?"

"Waite wenyewe walitumie jukwaa. Wewe kaa pembeni, funga mdomo, ujifunze."

Kazini haikuwa rahisi. Mkuu wa kozi aliogopa kuchelewesha masomo. Tena alisema wanafunzi wenye ulemavu ni wachache mno.

"Ni wachache kwa sababu wanakwama mlangoni," fundi alisema. "Asiyeweza kuingia hatumwoni, tunadhani hayupo."

Mkuu alifikiri, kisha akakubali. Kazi ifanyike kipande kwa kipande, masomo yakiendelea. Na mtihani ule ufutwe kwa wote waliokwama kama Mkunga.

Fundi na wenzake walianza na vitufe. Kila kimoja kilipata jina: fungua somo, andika jibu, nenda mbele. Zikafuata picha. Ile ya mtihani fundi aliiandikia, "Mtoto akiwa tumboni," akampelekea mama mkwe aisikilize.

Mkunga alicheka mpaka akajifuta machozi. "Kwamba yumo tumboni tunajua sote. Kichwa kiko wapi? Mgongo umeelekea upande gani?"

Fundi aliona haya. Mambo ya leba na mama mkwe, jamani! Lakini kazi ni kazi. Alimweleza alichokiona pichani, naye Mkunga akamtungia maneno ambayo mwanafunzi angeyahitaji, bila kumtobolea jibu. Tangu siku hiyo hakuna picha ya kozi ile iliyopita bila kusikilizwa naye.

Video zilipata maandishi, na chuo kikamwita muuguzi asiyesikia azijaribu. Aliandika kwamba maandishi yanakimbia kama yanafukuzwa, yanapotea hajamaliza kusoma. Yakarekebishwa. Mkunga mwingine, ambaye mkono wake mmoja ulipooza, aligundua kwamba ukurasa wa mtihani haufunguki kwa kibodi. Nao ukarekebishwa. Masomo mengine ya zamani yalibaki na kasoro kwa muda, na fundi aliyaandikia onyo wazi ili mtu asidhani kosa ni lake.

Mkunga alirudia mtihani, akafaulu. Alimaliza kozi, na muhula uliofuata chuo kikapokea wanafunzi wenye ulemavu ambao hapo awali hawakuthubutu kuomba. Mkuu wa kozi hakusema tena kwamba ni wachache.

Muhula huo huo chuo kilimpa Mkunga darasa la vitendo. Wakunga wapya walisimama kukizunguka kitanda cha mama mjamzito aliyekubali kusaidia somo. Walimtazama mkufunzi wao na fimbo yake nyeupe, na mmoja wao akawanong'oneza wenzake, huyu atatufundishaje?

Mkunga alimwamkia yule mama, akamwomba ruhusa, akaweka viganja vyake juu ya tumbo taratibu. Kisha akasogea kando.

"Njoo wewe uliyenong'ona," alisema. "Fumba macho. Weka mikono hapa. Usiwe na haraka. Unahisi nini?"

Yule mwanafunzi alifumba macho. Mikono yake ilitulia, ikasogea, ikatulia tena. Uso wake ukabadilika.

"Mgongo, mkufunzi. Uko upande wa kushoto."

"Vizuri," Mkunga alisema. "Endelea."